Mwacheni Achuchumae

Nilitafsiri sawasawa. Naanza na hilo kwa sababu kwetu, milimani juu ya Lushoto, wapo mpaka leo wanaosema mdogo wangu alikufa kwa kuwa mtoto wa shule alikosea tafsiri. Hawasemi kwa ukali. Wananiwekea chai mbele, wananisogezea kiti, halafu wanasema ulikuwa mdogo, mwanangu, usijilaumu. Sijawahi kujilaumu. Msamaha wao sijauomba na siutaki.

Mdogo wangu alizaliwa miaka michache baada ya Uhuru, msimu wa vuli, nyumbani, mikononi mwa bibi mzaa baba. Alizaliwa na mdomo wa sungura. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka hadi kwenye tundu la pua, na ndani kaakaa lilikuwa limeachana, akilia unaona hadi kooni. Wanawake waliokuja kumpa mama pole ya uzazi walimtazama mtoto mara moja, kisha wakatafuta kitu kingine cha kutazama. Bibi alitoka nje, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akatoa hukumu yake: Mungu ameiweka kasoro ya mtoto huyu hadharani, basi ndani ni mzima, maana Mungu hampi mja wake mizigo miwili.

Alisema kwa kutufariji, najua. Lakini maneno hayo nayachukia kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa, kwa sababu yaligeuka kuwa jibu la kila kitu. Mama alikuwa anakamua maziwa yake kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, na mtoto alipokunywa kidogo tu jasho lilimtoka kipajini. Kwetu asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na watu wazima wanajikunyata, yeye anatoka jasho kwa vijiko vya maziwa. Anahema haraka haraka, anachoka, analala na njaa yake. Watu wakasema ni mdomo. Hakunenepa, ni mdomo. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, ni mdomo huo huo. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau, bibi akasema ni baridi, mvalisheni soksi. Hakuna aliyeuliza soksi zinahusiana vipi na kucha za mikono.

Zahanati tulikwenda, asije mtu akasema hatukwenda. Mama alimbeba mgongoni akashuka naye bondeni na kupanda tena upande wa pili, zaidi ya mara moja. Mganga wa pale alimpima uzito, akamfunua kitambaa usoni, akatikisa kichwa, akasema mdomo huo ni wa kushonwa na hapa hatushoni. Kile kifaa cha kusikilizia kifua kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake muda wote. Nilikiona kwa macho yangu. Hakukishusha hata mara moja kukigusisha kifuani kwa mtoto, kwa kuwa uso ulikuwa umeshamweleza yote aliyotaka kuyajua.

Kitambaa kilikuwa cha mama. Alikata vipande vya kanga kuukuu, akavipinda pindo, akamfunga mtoto chini ya pua kila walipotoka, watu wasimshangae. Basi midomo yake hatukuiona njiani. Ilipogeuka rangi, iligeukia nyuma ya kitambaa.

Alipoanza kutembea, akaanza na kuchuchumaa. Anakwenda hatua kadhaa, anashuka chini, magoti kifuani, mikono imekumbatia miguu, anakaa hivyo kidogo, anainuka, anaendelea. Pengine kwingineko watu wangejiuliza mtoto huyu ana nini. Kwetu hawakujiuliza, kwa sababu kwetu mtoto wa kike hamwamkii mkubwa akiwa amesimama wima kama nguzo. Anashuka chini, anatoa shikamoo yake, anangoja marahaba, ndipo anainuka. Na njia zetu ni nyembamba, zimejaa watu tangu alfajiri: wanaopeleka kabichi sokoni, wanaotoka kukata majani ya ng'ombe, wanaokwenda vibarua kwenye chai. Popote mdogo wangu alipochuchumaa hakukosa mtu mzima wa kupita mbele yake. Naye, kwa kuwa alikuwa chini tayari na mtu amesimama mbele yake, alitoa shikamoo, kwa sauti yake ya puani ambayo nje ya nyumba yetu wachache waliielewa.

Sifa zikaenea. Mtoto wa fulani, masikini, sura yake Mungu anaijua, lakini adabu. Hapana mtoto mwenye adabu kama yule. Wazee walisimama na mizigo yao kichwani kumjibu, wengine walimpa ndizi, na wanawake waliokuwa na mabinti wakaidi waliwaonyesha: mtazame mwenzako. Mama, ambaye tangu ajifungue hakuna aliyemsifia chochote, akaanza kutembea shingo imenyooka. Baba naye. Baba alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na nilimsikia sokoni akimwambia mwenzake kwamba binti yake mdogo hajui kumpita mkubwa hivi hivi.

Mimi nilikuwa nafuatana naye kila siku, na niliona kwamba anachuchumaa hata pasipo mtu. Anachuchumaa ameelekea miti ya miwati. Anachuchumaa nyuma ya jiko. Nilimuuliza bibi, mbona anaamkia miti? Bibi akasema anajifundisha. Nilikuwa na umri wa kucheka jibu la namna hiyo, nikacheka. Leo nikilikumbuka nasikia joto masikioni.

Halafu ukaja Ujamaa. Vijiji vyetu vilikuwapo tangu enzi za Zumbe, chifu wetu wa zamani, hakuna aliyehamishwa mbali, lakini tukapata mwenyekiti wa kijiji, shamba la pamoja kule mgongoni mwa mlima, na zamu za kwenda kulilima. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda mambo yaonekane. Aliposikia kwamba kuna daktari mpasuaji atakuja kwa muda katika hospitali moja kubwa huko tambarare, na kwamba anashona midomo, alifika nyumbani kwetu mwenyewe. Alisema taifa huru halifichi watoto wake nyuma ya vitambaa. Akasema mtoto akirudi amepona, atamkabidhi shada la maua amvishe mgeni atakayekuja kuzindua shamba. Msichana mwenye adabu hivyo, mdomo umeshonwa, nani atafaa zaidi?

Baba alibaki kwa ajili ya zamu ya shamba. Tulikwenda watatu, mama, mdogo wangu na mimi, nami nilichukuliwa kwa ajili ya Kiswahili. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kutaja bei, kusalimia na kuapa. Mimi nilikuwa darasa la sita, nasoma magazeti kwa sauti kwenye mikutano ya kijiji. Basi likatushusha zile kona zote mpaka kwenye joto, mama ametapika, mimi nimeshikilia kikapu cha mapeasi ya kumpa daktari.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa kanda ya Ziwa, Kiswahili chake cha polepole. Alimfungua mdogo wangu kitambaa. Aliutazama mdomo kwa muda mfupi tu, halafu akatazama kucha zake. Akazibonyeza. Akaweka kifaa chake kifuani mwake, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, akafumba macho. Nilijua kabla hajasema. Hakuna mtu anayefumba macho namna ile kwa ajili ya habari njema.

Alisema moyo wa mtoto una tundu, na njia ya kupeleka damu kwenye mapafu ni nyembamba, kwa hiyo damu inazunguka mwilini bila hewa ya kutosha. Alisema mdomo na moyo hujengeka karibu wakati mmoja tumboni mwa mama, ndiyo sababu mtoto akizaliwa na kasoro usoni inafaa moyo wake usikilizwe siku hiyo hiyo. Aliuliza kama kuna mtu amewahi kumsikiliza. Nikasema hapana. Akauliza, anachuchumaa?

Nilimweleza mama swali hilo kwa Kishambaa, na mama alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema mwambie ndiyo, mwambie huyu ana adabu kuliko watoto wote wa kwetu.

Nilitafsiri. Daktari hakutabasamu. Akasema, "Mwambie mama si adabu. Mtoto anakosa hewa. Akichuchumaa, miguu inabana damu, inarudi kwenye moyo na mapafu, anapata nafuu. Mwili wake umejifundisha wenyewe. Hiyo ndiyo dawa pekee aliyo nayo."

Nikamwambia mama hivyo, neno kwa neno. Na daktari, kana kwamba haniamini mimi wala lugha yangu, aliinuka kwenye kiti chake akachuchumaa sakafuni mbele ya mama, magoti kifuani, koti lake jeupe likiburuza chini, akaonyesha kwa mkono jinsi damu inavyopanda. Mama aligeuza uso kwa aibu. Alikuwa hajawahi kuona mwanamume msomi anamshukia chini vile.

"Mwacheni achuchumae," akasema akiwa bado chini. "Popote, wakati wowote. Akizidiwa na kubadilika rangi, mkunjeni magoti kifuani mkae naye hivyo. Msimnyooshe, msimsimamishe. Na msimpandishe milima."

Nilitafsiri yote. Kwa milima mama aliguna, maana kwetu hata kwenda chooni ni mlima. Kuhusu mdomo, daktari alisema hawezi kumlaza mtoto mwenye moyo ule kwa dawa ya usingizi, hataamka. Kuhusu moyo, alisema upasuaji wake haufanyiki nchini, na wanaopelekwa nje ni wachache. Alisema haya akiwa anatazama mapeasi yetu. Nikamuuliza kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mama, hao wachache ni akina nani. Aliinama akamfunga mdogo wangu kitambaa chake tena.

Tuliporudi ilikuwa jioni. Baba na bibi walikuwa wanatungoja jikoni, na mwenyekiti naye hakukawia. Alipoona mdomo uko vile vile alikasirika kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Mama ndiye aliyeeleza. Alikuwa amechoka, ameaibika, na kila mtu anamtazama. Alisema, "Daktari amesema moyo una tundu. Na amesema kule kuchuchumaa si adabu, ni ugonjwa."

Nikaanza kusema yaliyobaki, kwamba ni ugonjwa lakini ni nafuu pia, kwamba aachwe. Bibi akasema wakubwa wanazungumza. Nikarudia. Baba, mpole yule, alinitazama akasema, "Nyamaza, mwanangu. Nimesikia."

Hakuwa amesikia. Alichosikia ni kwamba sifa pekee ya mtoto wake ilikuwa ugonjwa, na aliona aibu mbele ya mwenyekiti. Bibi ndiye aliyeimalizia hoja: kama kuchuchumaa ni ugonjwa, basi tusiuachie ugonjwa umzoee. Anayetetemeka kwa homa unamfunika, anayejikuna upele unamshika mkono. Wakaafikiana. Mtoto asichuchumae.

Nawaza mara nyingi jinsi walivyobadilika upesi. Miaka yote walimsifia alipochuchumaa, na siku moja ikatosha kumkataza, na mara zote mbili hakuna aliyemtazama yeye. Walitazama heshima yao, kisha wakatazama hofu yao. Walikuwa wanampenda, nani kasema hawampendi? Upendo ule ndio unaonikera zaidi, kwa sababu ulikuwa na masikio ya kusikia wakubwa tu.

Siku zilizofuata kila aliposhuka chini kulikuwa na mkono wa kumwinua. Simama, mama. Jikaze, mwanangu. Usiukaribishe. Walimwinua kwa sauti tamu kabisa. Wapita njia nao waliambiwa, wakaacha kumpa ndizi, wakawa wanamwinua. Mdogo wangu hakuelewa kosa lake. Alianza kujificha. Tulipokwenda kuteka maji nilimpeleka nyuma ya kichaka cha mdaa, akachuchumaa humo, nami nikasimama njiani na ndoo yangu kama askari, nikimwamkia kila anayepita ili asitazame nyuma yangu. Mara nyingi nilimwambia mama, wewe ulikuwapo, waambie. Mama alisema nitasema. Kila siku ilikuwa ni nitasema.

Siku ya shamba la pamoja ilikuwa ya watu wote, hakubaki mtu wa kumwangalia mtoto. Baba alimbeba mabegani sehemu kubwa ya njia, na gunia la mbegu za viazi juu ya mgongo, na jembe. Kwenye mpando wa mwisho aliteleza, akamshusha, akasema tembea kidogo tu, pale juu nitakubeba. Mama na mimi tulikuwa nyuma yao. Mdogo wangu alikwenda hatua chache akashuka chini.

Baba akaweka gunia chini akamwinua. Akashuka tena. Akamwinua tena, na safari hii akamshika kwapani, akamsimamisha amemwegemea yeye, wima. Nilipiga kelele, baba mwache achuchumae, mkunje magoti. Baba akasema, bila ukali, kama mtu anayemfundisha mtoto sala, "Daktari amesema ni ugonjwa." Miguu ya mdogo wangu ilikuwa inajikunja yenyewe kutafuta kifua, na baba akainyoosha kwa mkono wake, mguu mmoja, halafu wa pili. Nilifika nikamvuta mkono. Alinisukuma. Kitambaa kilikuwa kimeshuka shingoni na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika.

Alikufa pale, amesimama, kwa sababu ameshikwa asianguke.

Tulimzika siku hiyo hiyo. Kwenye matanga wanawake walijaa nyumba nzima, na kama kawaida walitafuta sababu, maana kifo bila sababu hakulaliki nacho. Wa kwanza kusema alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Alisema daktari mzima hawezi kutoa maagizo ya kuua, lazima kuna jambo halikufika vizuri. Nani alikuwa anatafsiri? Macho yakanijia. Mtoto wa darasa la sita, mambo ya moyo, atayajulia wapi? Lisemwalo lipo, akasema mwingine. Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, miguu imenyooka, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Yeye alikuwa chumbani kwa daktari. Yeye alimwona daktari akichuchumaa sakafuni, jambo ambalo halihitaji Kishambaa wala Kiswahili. Nilingoja aseme. Mama akavuta kanga ikashuka zaidi.

Basi ikawa hivyo. Nilikataa kwenda kusoma magazeti kwenye mikutano, watu wakasema aibu inamtafuna. Nilipoolewa mbali, kule Korogwe, wakasema amekimbia. Baba hakuwahi kunitupia neno. Alinitazama kwa huruma miaka yake yote iliyobaki, na huruma ile ilinichoma kuliko kiboko, kwa kuwa alinihurumia kwa kosa ambalo lilikuwa lake.

Baba alipokwisha kufa, na arobaini yake kupita, nilikaa na mama jikoni tunamenya viazi. Nilimuuliza, siku ile hospitali, ulinisikia nilichokwambia?

Hakuuliza siku gani. Alisema, "Nilikusikia. Ulisema vizuri. Na yule daktari nilimwona."

"Mbona hukusema, mama?"

Aliendelea kumenya. "Mikono ilikuwa ya baba yako," akasema. "Kama angejua, asingekaa duniani mwezi. Nilikuwa na watu wawili tu mle ndani wa kubebeshwa kosa. Yeye nilikuwa nabaki naye. Wewe ulikuwa mtoto wa kike, nilijua utaolewa, utaondoka."

Nikamwambia niliondoka kweli, lakini niliondoka nalo.

"Najua," akasema mama. "Ndiyo maana nikakupa wewe. Yeye asingeliweza."

Alisema kama mtu anayenisifia. Nilimpokea kisu mkononi, nikamalizia viazi vyake mimi mwenyewe.